Tairi Jembamba Kwenye Rimu Pana

Jalada lilikuwa limeshafungwa kabla Kisiki hajalifungua.

"Mwendo kasi," alisema Mkuu wa Kituo, akalisukuma hadi upande wa pili wa meza. "Dereva kakimbiza gari kwenye kona, gari limepinduka, abiria amekufa. Saini hapo chini, Inspekta, tushughulikie mengine."

Inspekta hakugusa kalamu. Jina la Kisiki alipewa na askari wenzake miaka mingi nyuma, kwa kuwa mwanamke yule akishaota mahali hata tingatinga halimng'oi. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kusaga meno. Mkuu alikuwa katika kundi la pili.

"Dereva mwenyewe anasemaje, afande?"

"Anakataa. Umeshaona dereva anayekubali?"

"Huyu ni Mama Breki, afande. Amekufundisha wewe kuendesha gari. Amenifundisha na mimi."

Mkuu akakohoa. Hilo halikuwa na ubishi. Nusu ya watu wa mji ule walishikishwa usukani na yule mama mjane, na waliobaki walisubiri nyuma ya gari lake barabarani huku wakiuma vidole. Watu walitania kwamba kobe akichelewa kazini humpigia honi Mama Breki apishe.

"Na aliyekufa ni kaka yake wa tumbo moja," Kisiki aliendelea. "Mpimaji wa ardhi. Alitakiwa atoe ushahidi kesho kwenye kesi ya uwanja wa shule aliouzungushia ukuta Bwana Maghala. Shahidi ni yeye peke yake, na amekufa akiwa njiani kwenda kuikagua mipaka kwa mara ya mwisho. Wewe hiyo harufu huisikii?"

"Ninachosikia mimi ni simu. Mawakili wa Bwana Maghala wamepiga tangu asubuhi, wanauliza kama jalada limefungwa."

"Basi ndiyo sababu silifungi."

Mkuu akalifunika jalada kwa kiganja. "Kesho jioni, Inspekta. Usiposaini wewe, atasaini mwingine."

"Huyo mwingine na asaini kwa jina lake," alijibu Kisiki, akachukua kofia yake akatoka.

*

Hospitali walimlaza Mama Breki katika chumba cha mwisho. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa plasta hadi pajani, na mkono wa kushoto umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Askari aliyewekwa mlangoni alikuwa akikaripiwa.

"Pikipiki yako umeiegesha mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura. Nimeiona dirishani. Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, mwalimu."

"Haya kaitoe. Mimi sikimbii, nina pingu."

Askari alimtazama Kisiki, Kisiki akampa ishara ya kichwa, yule kijana akaenda kuitoa.

Kando ya kitanda alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya kapelo hadi usawa wa macho, akimenya chungwa. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Breki. Mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata wale wasio na undugu naye. Aliishi katika chumba cha uani kwa Mama Breki tangu alipokuwa kijana asiye na kazi wala ndevu. Yule mama alimlisha, akamfundisha gari, akamsaidia kufungua kibanda cha vipuri vya mtumba. Macho ya Shemeji yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Afande, msaidie shemeji yangu," alisema. "Mimi nimemwambia akubali tu yaishe. Aseme alisinzia kidogo. Hakimu naye ni binadamu, atamhurumia."

"Nikubali nini?" Mama Breki akageuza shingo. "Niseme kwa mdomo wangu kwamba nimemuua kaka yangu? Wewe chungwa lako hilo kale mwenyewe, na ukimaliza nenda nyumbani ukafunge kuku."

Shemeji aliinuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa kujichubua, akatoka. Kisiki alimfuata kwa macho. Kulikuwa na kitu katika uso wa mtu yule kilichokuwa kizuri kupita kiasi, lakini hakukipata mara moja.

Akavuta kiti. "Nieleze, mwalimu. Anza na gari."

"Gari ni zima. Breki nilibadilisha mwaka huu. Mwezi uliopita nikabadilisha na magurudumu, maana yale ya zamani mashimo yaliyapinda mpaka usukani ukawa unatetemeka. Nikapata rimu nyingine nzuri, pana zaidi, inchi saba na nusu. Nikazipeleka kwa Bwana Upepo, fundi wa matairi, tukagombana."

"Mligombania nini?"

"Upana. Yeye alitaka kunifungia matairi ya mia mbili ishirini na tano, eti gari lipendeze, lionekane limesimama kama dume. Nikamwambia, mimi gari langu lina wanafunzi. Mwanafunzi hukata usukani mpaka mwisho. Tairi likiwa pana kuliko nafasi yake litasugua bodi kila kona, ubavu utalika. Akasema basi tuweke membamba, yako ya bei nafuu. Nikamwambia membamba kwenye rimu hii ndiyo kabisa! Rimu na tairi ni kama mguu na kiatu. Kikubwa kinakuangusha, na kidogo kinakuvuka katikati ya safari. Nikamwambia, mia mbili na tano, hapo ndipo mwisho wa rimu hii, usiniongezee wala usinipunguzie. Wateja walisikia, wakacheka. Akanuna, lakini akafunga mia mbili na tano zote nne. Nilisoma namba ubavuni, moja moja."

"Na asubuhi ya ajali?"

Mama Breki alijiweka sawa kwenye mto. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ile ile ya darasani, ila imepungua nguvu.

"Nililizunguka gari kama ninavyolizunguka kila siku. Nikayatazama matairi yote manne. Hakuna lililokaa chini. Kaka yangu alikuwa ndani tayari, ananiambia tuondoke, jua linapanda. Tukashuka mlima polepole. Kona ya kwanza inayopinda kushoto, nikaingia na gia ya pili. Usukani ukawa mzito ghafla, ukavuta kulia. Nikasikia sauti kama mtu anapasua turubai, halafu chuma kikakwaruza lami. Basi. Bondeni."

"Gia ya pili?"

"Gia ya pili. Andika hivyo, na mwenye kusema vinginevyo aje aseme hapa, mbele ya uso wangu."

*

Gari lilikuwa limewekwa nyuma ya kituo, limebonyea paa, limejaa matawi. Kisiki aliingiza kichwa dirishani kabla ya jambo lolote. Kijiti cha gia kilikuwa kimepinda, lakini kilikuwa kimekwama pale pale mwenye gari aliposema. Mtu anayekimbiza gari mlimani hakai gia ya pili.

Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kulia. Tairi lilikuwa limevuka rimu upande mmoja, linaning'inia kama soksi iliyoisha mpira. Mkaguzi wa magari alikuwa ameshapita hapo, akasema tairi limetolewa na kishindo cha ajali. Huenda. Kisiki akatia mate kidole, akafuta vumbi ubavuni.

185.

Alifuta tena, asije akawa amesoma vibaya. Mia na themanini na tano. Akazunguka gari, akafuta la nyuma kulia, la nyuma kushoto, la mbele kushoto. Mia mbili na tano, mia mbili na tano, mia mbili na tano. Matairi yote manne yalitoka kiwanda kimoja, na meno yao yalifanana kama mapacha. Asiyesoma namba asingejua kwamba mmoja si wa tumbo lile.

Akaomba futi ya fundi seremala aliyekuwa akitengeneza madirisha ya mahabusu. Akapima rimu, ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Milimita mia na tisini. Namba ya tairi ndiyo upana wake kwa milimita: mia na themanini na tano. Rimu ilikuwa pana kuliko tairi lililoivaa.

"Kiatu kidogo," Kisiki alisema peke yake.

Aliwaamuru askari walifungue gurudumu zima, tairi likiwa juu yake, walipakie kwenye gari la doria. Mtu wa kwanza wa kuulizwa alijulikana: fundi aliyegombana na mwenye gari mbele ya wateja, akanuniana naye juu ya upana wa tairi.

*

Bwana Upepo alikuwa mtu mnene mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alipoliona gari la polisi hakusimama. Aliendelea kupiga nyundo kwenye gurudumu la lori.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Mama akipinduka, fundi ndiye mchawi. Haya, pingu zipi?"

"Uligombana naye."

"Niligombana naye, ndiyo. Mimi hugombana na kila mteja mwenye akili kuliko mimi, na bahati nzuri hawafiki watatu. Nikamfungia alichotaka."

"Ulifunga hili?"

Kisiki aliliangusha gurudumu chini mbele yake. Bwana Upepo aliinama, akasoma namba, akanyanyuka taratibu. Nyundo akaiweka chini.

"Hili silo langu."

"Kila fundi husema hivyo."

"Kila fundi na aseme, mimi nitakuonyesha. Mimi tairi ninalolifunga nalitia alama kwa ndani, chaki nyekundu ya mafuta, msalaba. Watu hununua kwangu, wakaenda kubadilishana huko, wakarudi kunidai nimewauzia mabovu. Kwa ndani haifutiki kwa mvua wala kwa matope, na mteja haioni. Tulitoe?"

"Litoe. Mbele yangu."

Alichukua vyuma viwili vya kung'olea, akalivua tairi lote kwenye rimu kama anayevua gome la muhogo. Wakainama wote wawili, askari akamulika kwa tochi. Hapakuwa na msalaba mwekundu. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na fundi ndiye aliyekiona kwanza. Akapitisha kidole ndani ya tairi, akakitoa kimepakaa weusi mkavu, wa unga.

"Masizi," alisema, uso umembadilika. "Mtu huyu alitumia moto."

"Moto vipi?"

"Sikia, afande. Tairi likiwa jembamba kuliko rimu, kingo zake hazifiki kwenye chuma. Ukitia upepo unatokea pembeni, halijai. Mimi hapa nina kompresa kubwa, na hata hivyo ningelikataa. Asiye na kompresa humwaga petroli kidogo ndani, anarusha kiberiti. Linalipuka, pu! Kingo zinaruka zinakaa kwenye chuma. Halafu anamalizia kwa pampu ya mguu. Ni ujinga mtupu. Nimeona mtu ameungua uso mzima."

Kisiki aliligeuza tairi huku na huku. Fundi, aliyekuwa akijiandaa kukamatwa, alianza kupata wasiwasi wa namna nyingine.

"Swali," Kisiki alisema. "Mtu anataka gari la mwenzake litoke barabarani. Kwa nini ajisumbue na moto, kung'oa, kubadilisha? Si angepunguza upepo tu kwenye tairi lililokuwapo?"

"Angepunguza, mama angeona. Tairi lisilo na upepo hukaa chini, ubavu unatoka nje kama tumbo langu hili. Yule mama hata hapa kwangu alilizunguka gari kama anatafuta sindano."

"Na tairi hili likipunguzwa upepo?"

Bwana Upepo alibonyeza ubavu wa tairi kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Hili halitoi tumbo. Limevutwa huku na huku na rimu, ubavu wake umenyooka kama ngozi ya ngoma. Hata likiwa na upepo nusu, kwa macho liko sawasawa. Litakwenda hivyo hivyo kwenye njia iliyonyooka. Likifika kwenye kona, uzito wote ukilalia upande wake..."

"Linavuka."

"Linavuka."

Hapo Kisiki akasimama, akajikung'uta magoti. Aliyefanya kazi ile alijua mambo mawili. Alijua matairi, ingawa hakuwa na kompresa. Na alijua kwamba Mama Breki haingii garini bila kulizunguka. Tena alilijua hilo vizuri kiasi cha kuhangaika na moto ili amdanganye macho. Bwana Maghala, na ukuta wake wote, asingeweza kujua jambo hilo. Wanafunzi walikuja gari likiwa limeshakaguliwa. Aliyemwona mama yule asubuhi, na kanga yake na kikombe cha chai mkononi akiyatazama matairi, alikuwa mtu wa uani.

Na sasa akakipata kile alichokiona hospitali. Zilikuwa ni nyusi.

"Fundi," alisema, "funga kibanda. Unakuja na mimi."

"Nimekamatwa?"

"Hapana. Nakuhitaji unisomee chaki."

*

Kibanda cha Shemeji kilijaa taa, vioo vya pembeni na milango ya magari yasiyojulikana yalikokufia. Matairi yalitundikwa mbele kwa kamba. Kisiki hakuwa na haja ya kutafuta sana. Moja liling'aa upya wake katikati ya vipara vilivyolizunguka. Mia mbili na tano. Mtu mwingine angelitupa mtoni au angelichoma, lakini mchuuzi wa vipuri kutupa tairi jipya ni sawa na mvuvi kurudisha samaki baharini.

"Afande, karibu!" Shemeji alitokeza, kofia ile ile imeshuka hadi machoni. Alipomwona Bwana Upepo nyuma yake, mwendo ukapungua. "Kuna habari ya shemeji yangu?"

"Ipo. Hili tairi umelipata wapi?"

"Hilo? Aliniuzia mpita njia. Sikumbuki hata sura."

"Fundi, litazame ndani."

Bwana Upepo alilishusha, akalikunjua mdomo kwa mikono miwili, akamgeuzia Inspekta. Msalaba mwekundu ulikuwa pale, mpya kabisa.

"Haya," Shemeji alisema upesi, "basi huyo mpita njia ndiye mwizi. Mimi nimeuziwa tu. Mimi ni mfiwa, afande, mnanionea!"

"Vua kofia."

"Jua kali, afande."

"Tuko kivulini. Vua."

Akaivua. Nywele za mbele zilikuwa zimenyolewa hadi nusu ya kichwa, na chini yake zilikuwapo nyusi mbili, nyeusi tii, zimepindwa kwa ustadi, ya kushoto ikiwa juu kidogo ya mwenzake. Mtu yule alikuwa akitiririka jasho, na jasho lilipofika pale lilianza kushuka likiwa jeusi. Mchirizi wa kwanza ukapita kando ya jicho. Wa pili ukafuata.

Kisiki alitoa leso mfukoni. "Jifute."

Shemeji hakuipokea. Kisiki akampangusa mwenyewe kama mama anavyompangusa mtoto, mara moja tu, na alipoiondoa leso, usi wa kushoto ulikuwa umebaki kwenye kitambaa. Pale ulipokuwa kulikuwa na ngozi tupu, nyekundu, ina malengelenge yaliyoanza kukauka.

"Wanja wa shemeji yako?" aliuliza.

"Niliungua na jiko."

"Jiko gani lisilounguza mikono wala nguo, likachagua nyusi?"

"Petroli haina adabu," Bwana Upepo alinong'ona. "Ukiinama kuchungulia, inakusalimia usoni."

Watu walishaanza kujikusanya. Shemeji alitazama kulia, akamwona askari. Akatazama kushoto, akaona milango yake mwenyewe imepangwa hadi juu. Akakaa juu ya betri kuukuu.

"Hawakuniambia atakufa mtu," alisema. "Walisema gari likwame tu. Afike amechelewa, kesi ipite."

"Nani walisema?"

"Wale..."

"Sema jina. Umeweza kurusha kiberiti, jina halitakushinda."

"Bwana Maghala. Mwenyewe. Alikuja na gari lake, akaniingiza ndani, vioo vimefungwa. Alisema atanipa fremu mbele ya soko, ya matofali, nihame kwenye hili banda." Akaanza kulia, na safari hii alilia kweli, wanja unamtiririka hadi kidevuni. "Jioni ile shemeji alikuwa kwa kaka yake wanapanga safari. Gari liko uani. Nilifikiri litakwama. Wallahi, nilifikiri litakwama tu."

"Tairi halikwami kwenye kona ya mlima, na wewe ni muuza vipuri, unajua." Kisiki alimgeukia askari. "Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Fundi, umesikia?"

"Hata hawa wote wamesikia," alisema Bwana Upepo, akiwaonyesha watu kwa mkono wake mweusi.

*

Kisiki alimpigia Mkuu simu akiwa ndani ya gari la doria, Shemeji amekaa nyuma kati ya askari wawili.

"Afande, jalada halifungwi. Ni mauaji. Nimempata aliyebadilisha tairi, ameungama mbele ya umati, na amemtaja aliyemtuma. Naomba tukamkamate Bwana Maghala sasa hivi."

Kwenye simu ukasikika mlango wa Mkuu ukifungwa.

"Una wazimu wewe? Unajua anakula meza moja na akina nani?"

"Sijui, afande. Najua tu aliyemuua. Wewe njoo na pingu, au nitakwenda na zangu. Na kwa kuwa zangu ziko kwenye kitanda cha hospitali, zimemfunga mtu asiye na kosa, naanzia huko."

"Inspekta! Hiyo ni amri, usi—"

Kisiki alikata. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake kumkatia mkubwa wake simu.

Aliifungua ile pingu mwenyewe. Mama Breki alijisugua kifundo cha mkono akisikiliza habari yote tangu mwanzo hadi mwisho: namba, chaki, masizi, nyusi. Kisiki alipofika kwenye jina la Shemeji, yule mama alifumba macho. Hakulia.

"Alikuja kwangu hajui hata kufunga vifungo vya shati," alisema hatimaye. "Nikamfundisha kusoma namba za tairi mimi mwenyewe. Akajifunza vizuri." Akafumbua macho. "Nisimsikie tena leo. Kesi ya uwanja ni lini?"

"Kesho asubuhi. Lakini, mwalimu, nisikufiche. Sisi tutamkamata Bwana Maghala kwa mauaji, na hilo ni jingine. Kesi ya uwanja mawakili wake wataomba ifutwe. Mpimaji hayupo, na wanasema hakuna mwingine anayeijua mipaka."

"Wanasema nani?"

"Mawakili."

"Hao mawakili wamewahi kumwona mpimaji akifanya kazi?" Mama Breki alijiinua kwa kiwiko, uso umekunjamana kwa maumivu, akaukataa mkono wa Kisiki uliotaka kumrudisha chini. "Mpimaji hapimi peke yake, mwanangu. Mnyororo wa kupimia una ncha mbili. Yeye akisimama kwenye jiwe hili, lazima mtu asimame kwenye lile. Uwanja ule ulipimwa kabla shule haijajengwa, na kaka yangu hakuwa na msaidizi. Unafikiri nani alikuwa anashika ile ncha nyingine?"

Kisiki alitoa daftari lake mfukoni.

"Mawe manne. Najua kila moja lilipozikwa, hata lile alilojengea ukuta juu yake. Nenda kamwambie daktari aniandalie kiti cha magurudumu."

"Daktari atakataa."

"Na akatae. Mimi simwombi ruhusa, namwomba kiti."

*

Asubuhi chumba cha mahakama kilijaa walimu, wazazi na waliokuja kutazama tu. Kiti cha mdaiwa kilikuwa kitupu, kwa kuwa Bwana Maghala alikuwa amelala mahabusu kituoni, na Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni na uso wa mtu aliyelazimishwa kuwa shujaa. Wakili wa Bwana Maghala alijifunga joho vizuri, akainuka, akasema kwa huzuni laini kwamba, kwa kuwa shahidi pekee amefariki dunia, anaiomba mahakama iifute kesi.

Mlango ukafunguliwa wakati bado anaongea. Kisiki aliingia akisukuma kiti cha magurudumu, na mguu wa plasta ulitangulia mbele kama boriti, watu wakapisha huku na huku. Alikisukuma katikati ya chumba, hadi mbele ya kizimba cha mashahidi, akafunga breki, akasogea kando.

Hakimu alimtazama mgonjwa juu ya miwani. Akautazama mguu, akazitazama ngazi tatu za kizimba.

"Mama, wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya mnyororo uwanja ule ulipopimwa, mheshimiwa."

Minong'ono ilipita chumba kizima. Wakili aliyekuwa amesimama alimgeukia mwenzake, mwenzake akainamia meza.

"Na hali hii uliyonayo," hakimu aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini, "unaweza kusimama utoe ushahidi?"

"Kusimama siwezi, mheshimiwa," alisema Mama Breki, akanyoosha mkono wa kulia juu. "Kusema naweza. Naomba kuapa."